Kushona Kofia kwa Vidole Vyenye Maumivu

Kofia ya viua, inavyoshonwa Lamu na Unguja, ni kazi ya vidole viwili. Vitundu hutobolewa kwenye kitambaa cha pamba, kisha ukingo wa kila kimoja huzungushiwa uzi. Gumba na kidole cha shahada huibana sindano, huisukuma na kuivuta, maelfu ya mara kabla kofia moja haijakamilika.

Hapo ndipo kiungo kinapoumia. Vipimo vya mkono vimeonyesha kuwa mbano wa kilo 1 kwenye ncha ya gumba huwa karibu kilo 12 kwenye kiungo cha shina lake, juu kidogo ya kifundo cha mkono. Gegedu la hapo likilika, hata kufungua chupa ni shida. Basi anayetaka kuendelea kushona apunguze kwanza nguvu ya kubana.

Sindano nene kidogo hushikika vizuri zaidi. Kwenye pakiti, namba ndogo ndiyo nene. Kidole kilichokatwa kwenye glavu ya mpira na kuvalishwa shahada huzuia sindano isiteleze, na kwa kitu rahisi hivyo, nafuu yake ni kubwa. Kastabini ikivaliwa kidole cha kati, ndicho kitakachosukuma. Kitambaa kipya kifuliwe kitoke wanga, kisha kilazwe juu ya mto mapajani ili mkono wa kushoto usikikamate muda wote.

Maji ya uvuguvugu kabla ya kazi hulegeza vidole. Baada ya hapo, dakika 20 za kushona zifuatwe na mapumziko, hata kama mkono haujaanza kuuma. Mwenye kushonea barazani huku akizungumza hupumzika bila kujua; anayesubiriwa na mteja wa Idi hapumziki, naye ndiye huumia.

Mbinu hizi zinafaa pale gegedu lilipochakaa kwa umri na kazi. Baridi yabisi ni ugonjwa mwingine: kinga ya mwili hushambulia viungo, mara nyingi vya mikono yote miwili, vikavimba na kukakamaa asubuhi kwa saa nzima au zaidi. Huo hautibiwi kwa mto wala glavu. Mwenye dalili hizo aende hospitali mapema, kwa kuwa dawa huzuia mifupa isiliwe, lakini hazirudishi iliyokwisha kuliwa.