Kadi ya Ulemavu Haina Mshahara

Kadi ya ulemavu hulipa shilingi ngapi kwa mwezi? Swali hili limeulizwa nchini Kenya mara nyingi mno, katika vituo vya usajili, katika mabaraza ya machifu na hata katika vipindi vya redio, na jibu lake halijabadilika: kadi hailipi hata senti moja, na anayeahidi kwamba italipa ama hajui anachokisema, ama yu karibu kudai ada ya kufuatilia faili.

Kadi hiyo, ambayo hutolewa na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, chombo cha serikali kilichoundwa chini ya sheria ya mwaka 2003, ni uthibitisho wa usajili tu. Inaeleza kwamba mwenye nayo alipimwa hospitalini na kukutwa na ulemavu. Haielezi kwamba ni maskini, wala kwamba hawezi kujikimu, wala kwamba serikali ina deni kwake. Imani kwamba ni aina ya mshahara imetokana na kuichanganya na mpango wa Inua Jamii, ambao hutoa shilingi 2,000 kwa mwezi kwa makundi maalumu, likiwamo la watu wenye ulemavu mkali. Neno “mkali” hapa lina maana mahususi ambayo wasimuliaji wengi huiruka: linamhusu mtu anayehitaji mlezi wa kudumu wa kumlisha, kumwogesha na kumgeuza kitandani, na hata huyo sharti aishi katika kaya maskini. Kwa hiyo fundi viatu aliyekatwa mguu mmoja na anayejiendeshea kibanda chake anaweza kusajiliwa bila pingamizi lolote, akapewa kadi yake, na asistahili shilingi hata moja ya Inua Jamii, bila ya mtu yeyote kuwa amemdhulumu. Malalamiko halali yapo, lakini ni ya watu wengine, yaani wale wanaotimiza masharti yote na bado wakaachwa nje kwa sababu nafasi za mpango hutegemea bajeti. Kelele za wanaodai mshahara wa kadi huwafunika hao.

Katika mkanganyiko huo ndimo mabroka wanamopatia riziki. Bidhaa yao kuu ni ripoti ya daktari “iliyokolezwa”, inayomfanya mtu mwenye kilema cha kiasi aonekane hajiwezi kabisa, kwa hoja kwamba ulemavu mkubwa zaidi huleta kadi yenye pesa zaidi. Hoja hiyo haina kichwa wala miguu, kwa kuwa kadi isiyo na pesa haiwezi kuongezewa pesa. Mbaya zaidi, kughushi hati ni kosa la jinai, na mtu aliyeandikwa kwamba hawezi kufanya kazi yoyote atajikuta na faili mbili zinazopingana siku atakapoomba msamaha wa kodi kwa mshahara anaoupokea kila mwezi. Mteja hulipa ili ajiharibie mwenyewe.

Hata wanaouliza iwapo ugonjwa fulani “umo kwenye orodha” wameanzia pabaya. Ibara ya 260 ya Katiba ya mwaka 2010, inayofafanua ulemavu, haina orodha ya magonjwa. Inatazama kama hali ya mwili, ya hisi au ya akili ina athari kubwa au ya muda mrefu katika uwezo wa mtu wa kufanya shughuli za kawaida za kila siku, au kama sehemu kubwa ya jamii inaiona kuwa na athari hiyo. Kifungu hicho cha mwisho, ambacho hakisomwi inavyostahili, kinamaanisha kwamba unyanyapaa wenyewe unaweza kumweka mtu chini ya ulinzi wa sheria, hata kama mikono na miguu yake haina hitilafu.

Manufaa yenyewe yapo, na kila moja lina mlango wake. Msamaha wa kodi ya mapato, kwa agizo la mwaka 2010, unahusu shilingi 150,000 za kwanza za kipato cha mwezi, hivyo anayepata 60,000 hakatwi kodi hiyo na anayepata 200,000 hutozwa kwa 50,000 zilizozidi. Lakini hauji wenyewe, kwani ni lazima uombwe kwa Mamlaka ya Ushuru, cheti kipatikane, na kihuishwe kabla ya muda wake kwisha. Vifaa vya kujimudu, kama vile viti vya magurudumu, huombwa kwa Baraza. Wafanyabiashara wana sehemu yao katika asilimia 30 ya zabuni za umma iliyotengewa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, mradi wasajili kampuni zao.

Kuhusu usafiri, Ibara ya 54 inatoa haki ya kuvifikia vyombo vya usafiri wa umma, si haki ya nusu nauli, na nauli za matatu hupangwa na wenye magari. Utingo asiyepunguza nauli hajavunja Katiba. Anayemwacha abiria kituoni kwa sababu ya kiti chake cha magurudumu amekwenda kinyume na Ibara ya 27, inayokataza ubaguzi hata kati ya raia na raia.

Aliyekataliwa huduma na ofisi ya umma aombe sababu kwa maandishi, ambazo Ibara ya 47 inampa haki ya kuzipata pale uamuzi unapomwathiri. Akibaguliwa, apeleke malalamiko kwa Tume ya Kitaifa ya Jinsia na Usawa, au aende mahakamani moja kwa moja, kwani Ibara ya 22 inakataza kutozwa ada ya kufungua kesi ya haki za msingi na inaruhusu mahakama, inapobidi, kuipokea kesi hiyo hata kwa hati isiyo rasmi.