Moteri ndogo ya mvuke: kabla ya kuwasha moto



Mazutu ni bei kali, na kuni ziko hapa hapa kijijini. Juu ya hiyo, koperative moja ya mihogo na michikichi ilituita tuangalie kazi yao: pipa la lita 200 lililochomelewa pande zote, nafasi ya moto chini yake, na tiyo ya kupeleka mvuke kwenye moteri ya kuzungusha mashini ya kusaga. Walitaka kuwasha siku ile ile, watoto wakiwa wamesimama karibu.

Tulikataa. Tuliomba maji baridi tu. Tukajaza pipa mpaka hewa yote ikatoka, tukafunga manometa, kisha tukasukuma maji na pompi ya kumwagia mimea dawa. Sindano ilipofika karibu na bari 1, kifuniko kilikuwa kimevimba kama tumbo, mshono ukafunguka, maji yakamwagika chini. Ni hayo tu. Maji baridi hayaruki, presio yake inaisha mara moja. Lakini mvuke ni mambo mengine: lita 1 ya maji ikichemka yote inatoa zaidi ya lita 1.600 za mvuke. Chungu kikipasuka kikiwa cha moto, sehemu ya maji inageuka mvuke papo hapo na kurusha vyuma.

Tupige hesabu. Bari 1 ni karibu kilo 1 juu ya kila santimetri mraba. Kifuniko cha pipa kina upana wa santimetri 57 hivi, ni kusema santimetri mraba zaidi ya 2.500. Kwa bari 1 tu, kifuniko kinasukumwa na tani mbili na nusu. Bati la pipa halikutengenezwa kwa mzigo huo, hata fundi awe hodari namna gani. (Na pipa lililobeba esansi linaweza kulipuka hata wakati wa kulichomelea, kabla ya mvuke wowote.)

Basi moteri yenyewe inajengwa namna gani? Njia rahisi tunayoijua ni kuchukua moteri ya pikipiki ya zamani, ile inayochanganya esansi na mafuta. Pistoni, silinda na mhimili viko tayari. Mahali pa bujia unaweka kichumba chenye goroli inayoziba tundu la mvuke. Juu ya pistoni unafunga msumari mfupi wa chuma. Pistoni ikipanda, msumari unainua goroli, mvuke unaingia. Pistoni ikishuka, goroli inarudi kuziba, na mvuke uliomo unaendelea kusukuma mpaka tundu la moshi lifunguke. Gurudumu zito linairudisha pistoni juu. Zile njia za pembeni zinazotoka chini ya silinda, uzizibe. Bila hivyo mvuke unashuka kwenye mabeleshi na kuyaozesha. Mafuta pia yanahitajika kila mara, juu mvuke unayaosha.

Chungu kiwe bomba nene la chuma, jembamba, lenye lita chache tu. Ukubwa ndio unaoua. Kwa kazi ya bari 3, ukijaribu kwanza kwa maji baridi kwa bari 6 na kukiacha hapo bila kuvuja. Vali ya usalama mununue, musijitengenezee, na iwe inafunguka kwa bari 3. Ikipiga filimbi wakati wa kazi, hapana kuifunga na kipande cha mti! Tumeona watu wakifanya hivyo na sufuria ya presio. Muweke pia kioo cha kuonyesha maji. Yakiisha na chuma kikawa chekundu, musiongeze maji: ondoeni moto, mukae mbali.

Sasa nguvu yake. Pistoni ya santimetri 5 ina santimetri mraba karibu 20. Kwa bari 3 mvuke unaisukuma na kilo 60 mwanzoni, lakini presio inashuka kadiri pistoni inavyokwenda, tuseme nusu yake kwa wastani. Ikienda santimetri 5 kila mzunguko, mizunguko 600 kwa dakika, tunapata kama wati 150. Msuguano ukila sehemu yake, zinabaki 100 hivi. Ni nguvu ya mtu mmoja anayekanyaga kinga. Inawasha taa chache, inafundisha vijana vizuri sana. Haisagi mihogo.

Mashini ya kusaga inataka wati 5.000. Moteri ya kujitengenezea ikitoa kazi ya sehemu 2 au 3 tu kwa 100 za joto la moto, mutachoma karibu kilo 50 za kuni kavu kila saa. Mahesabu hayo tuliyaandika chini na kijiti, wamama wanaotafuta kuni wakacheka kabla hatujamaliza. Zamani mashua za mvuke kwenye mto Kongo zilisimama kila mara kupakia kuni, na mafundi wake walikuwa na vyungu vya kiwandani.

Pipa lile halikutupwa. Tulikata kifuniko, tukaweka ndani bati lenye matundu juu ya maji, na sasa linapikia ngazi kwa mvuke kabla ya kukamua mafuta. Linafunikwa na majani ya ndizi na gunia, bila kufungwa. Mvuke unatoka unapotaka. Koperative nyingine yenye pipa lililofungwa tayari isiwashe moto. Mutuite, tutakuja na manometa.