Mpangilio wa Pakiti na Usawazishaji wa Mzigo katika Mitandao ya Kompyuta: Nani Hubeba Gharama?

Ikisiri

Makala haya yanafafanua uhusiano uliopo baina ya usawazishaji wa mzigo katika mitandao ya kompyuta na tukio la pakiti kufika bila kufuata mpangilio ziliotumwa nao. Hoja kuu ni kwamba mpangilio wa pakiti si ahadi ya itifaki ya IP, bali ni mazoea ambayo itifaki ya TCP imeyafanya kuwa msingi wa kutambua upotevu. Ili kulinda mazoea hayo, ruta na swichi hugawa mzigo kwa mitiririko badala ya pakiti mojamoja, na kwa kufanya hivyo hukubali mgawanyo usio sawa. Kwa kutumia mifano ya hesabu, makala yanaonesha gharama inayobebwa na kila upande, na kubainisha kuwa mbinu mpya za TCP zinazopima muda badala ya kuhesabu pakiti zimeleta nafuu kubwa zaidi katika njia ndefu kuliko ndani ya vituo vya data.

1.0 Utangulizi

Itifaki ya IP, kama ilivyoelezwa katika RFC 791 ya Septemba 1981, huichukulia kila pakiti kuwa kitu kinachojitegemea. Haiahidi kwamba pakiti itafika, wala kwamba itafika mara moja tu, wala kwamba itafika baada ya iliyoitangulia. Kazi ya kurejesha mpangilio iliachiwa TCP, iliyoelezwa katika RFC 793 ya mwezi huohuo, ambayo huipa kila baiti namba ya mfuatano ili mpokeaji aweze kuipanga upya data yake kabla ya kuikabidhi kwa programu.

Kwa mtazamo huo, pakiti iliyopitwa na wenzake njiani haipaswi kuleta madhara yoyote. Hata hivyo, hali halisi ni tofauti. Mwaka 1999, Bennett, Partridge na Shectman walichapisha uchunguzi uliotokana na vipimo vilivyopitia kituo cha kubadilishania trafiki cha MAE-East nchini Marekani. Walionesha kuwa kuvurugika kwa mpangilio hakukuwa dalili ya mtandao mgonjwa, bali tokeo la kawaida la vifaa na viungo vinavyofanya kazi sambamba. Mtandao unapopanuliwa kwa kuongeza njia za sambamba, uwezekano wa pakiti kupitana nao huongezeka. Swali linalobaki ni nani abebe gharama ya mpangilio: mtandao wenyewe, au kompyuta zilizo kwenye ncha zake.

2.0 Kizingiti cha Ithibati Tatu

Chanzo cha tatizo ni namna TCP inavyotambua upotevu. Mpokeaji anapopata pakiti iliyoruka nafasi, hurudisha papo hapo ithibati inayotaja tena baiti anayoendelea kuingoja. Hiyo ndiyo ithibati rudufu. Kwa mujibu wa RFC 5681 ya mwaka 2009, mtumaji akipokea ithibati rudufu tatu huchukulia kuwa pakiti imepotea. Huituma tena bila kungoja saa yake iishe, na hupunguza kasi ya utumaji hadi karibu nusu kwa kuamini kuwa upotevu huo umesababishwa na msongamano.

Namba tatu ni maafikiano baina ya haraka na subira. Ingekuwa moja, kila pakiti iliyopitwa ingehesabiwa kuwa imepotea. Ingekuwa kubwa sana, upotevu wa kweli ungechelewa kugunduliwa. Maafikiano hayo yana sharti moja lisilotamkwa: kwamba pakiti iliyochelewa haitapitwa na pakiti tatu au zaidi. Sharti hilo lilikuwa rahisi kutimizwa pale ambapo baina ya ruta mbili palikuwa na kiungo kimoja tu.

3.0 Mgawanyo kwa Pakiti Mojamoja

Njia iliyo nyepesi zaidi ya kusawazisha mzigo ni kupeleka pakiti ya kwanza katika kiungo cha kwanza, ya pili katika kiungo cha pili, kisha kurudia mzunguko huo. Chukulia ruta mbili zilizounganishwa kwa viungo viwili vya gigabiti 1 kwa sekunde kila kimoja. Mtumaji mmoja anatuma pakiti za baiti 1,500 mfululizo kwa kasi ya gigabiti 1 kwa sekunde. Kila pakiti huchukua maikrosekunde 12 kutumwa. Pakiti zenye namba witiri hupita kiungo cha kwanza, na zenye namba shufwa hupita cha pili.

Sasa chukulia kuwa kiungo cha pili kina foleni ya pakiti 6 za mtiririko mwingine, wakati cha kwanza hakina foleni. Pakiti ya 2 itacheleweshwa kwa maikrosekunde 72. Pakiti za 3, 5 na 7 zinatumwa maikrosekunde 12, 36 na 60 baada yake, na kwa kuwa hazina foleni mbele yake, zote tatu zitafika kabla ya pakiti ya 2. Ithibati rudufu tatu zitakuwa zimekwisha kutumwa. Mtumaji atairudia pakiti ambayo haikupotea na kupunguza kasi yake kwa sababu ya msongamano ambao haukuwapo. Foleni fupi kiasi hicho ni jambo la kawaida katika swichi yoyote yenye kazi.

Athari hii ni vigumu kuigundua kwa vipimo vya kawaida. Mhandisi anayetazama takwimu za viungo ataona viwili vilivyobeba mzigo karibu sawa, bila pakiti hata moja iliyotupwa. Mtumiaji, kwa upande wake, anaona faili linalopakuliwa polepole. Mtandao umesawazishwa, lakini mtiririko umedhoofika. Aidha, kompyuta inayopokea hutumia nguvu zaidi ya kichakato, kwa kuwa utaratibu wa kuunganisha pakiti zinazofuatana kabla ya kuzipandisha kwenye tabaka la juu haufanyi kazi vizuri pale mfuatano unapokatika.

4.0 Mgawanyo kwa Mitiririko

Kwa sababu hiyo, ruta na swichi nyingi hugawa mzigo kwa mtiririko. Kifaa husoma mambo matano katika vichwa vya pakiti: anwani ya mtumaji, anwani ya mpokeaji, aina ya itifaki na namba za poti za pande mbili. Mambo hayo hupitishwa katika fomula ya heshi, na jibu lake huamua kiungo cha kutumika. Kwa kuwa pakiti zote za mtiririko mmoja hutoa jibu lilelile, zote hupita njia moja na mpangilio wake huhifadhika.

Gharama ya mpangilio huu hulipwa upande wa usawa. Heshi huhesabu mitiririko, haipimi ukubwa wake. Chukulia viungo vinne vya gigabiti 10 na mitiririko minne mikubwa, kila mmoja ukiweza kujaza kiungo kizima. Ikiwa heshi huchagua kiungo bila upendeleo, kuna namna 256 za kuigawa mitiririko hiyo, na ni 24 tu kati yake zinazoupa kila mtiririko kiungo chake. Hiyo ni takribani asilimia 9.4. Katika hali nyingine zote, angalau kiungo kimoja kitakaa bure huku kingine kikigombewa na mitiririko miwili au zaidi. Vilevile, mtiririko mmoja hauwezi kuvuka gigabiti 10 hata kama jumla ya uwezo ni gigabiti 40.

Mabadiliko ya idadi ya viungo nayo huvuruga mpangilio. Iwapo kiungo huchaguliwa kwa baki la kugawanya jibu la heshi kwa idadi ya viungo, kuongezeka au kupungua kwa kiungo kimoja huhamisha sehemu kubwa ya mitiririko, hata ile ambayo njia yake ilikuwa salama. RFC 2992 ya mwaka 2000 inaonesha kuwa mbinu ya kuigawa nafasi ya majibu ya heshi katika maeneo yenye mipaka hupunguza uhamaji huo hadi baina ya robo na nusu ya mitiririko.

Zipo pia hali ambazo heshi haioni kinachohitajika. Pakiti ya IP inapokatwa vipande, ni kipande cha kwanza tu ndicho chenye namba za poti. Vipande vingine vikipigiwa heshi kwa taarifa pungufu, vinaweza kupelekwa njia nyingine. Kinyume chake hutokea katika handaki la mtandao: maelfu ya mitiririko hufungwa ndani ya kichwa kimoja cha nje, na ruta za katikati huiona yote kuwa mtiririko mmoja. Ndiyo maana RFC 7348 ya mwaka 2014, inayoeleza VXLAN, inapendekeza namba ya poti ya mtumaji katika kichwa cha nje ikokotolewe kutokana na heshi ya vichwa vya ndani.

5.0 Njia ya Kati: Vipande vya Mtiririko

Sinha, Kandula na Katabi walipendekeza mwaka 2004 kwamba mtiririko usichukuliwe kuwa kitu kisichogawanyika. TCP mara nyingi hutuma pakiti kwa makundi yenye mapengo baina yake. Pengo likiwa refu kuliko tofauti ya ucheleweshaji baina ya njia mbili, kundi linalofuata linaweza kuhamishiwa njia nyingine bila kulipita lililotangulia. Katika mfano wa sehemu ya 3.0, pengo linalozidi maikrosekunde 72 lingetosha. Wazo hilo lilitumika katika mfumo wa CONGA uliochapishwa mwaka 2014 kwa ajili ya vituo vya data. Udhaifu wake ni kwamba mtiririko unaotuma mfululizo bila pengo, ambao ndio wenye kuhitaji kuhamishwa zaidi, hautoi nafasi ya kuhamishwa.

6.0 Kutoka Kuhesabu hadi Kupima Muda

Njia nyingine ni kuifanya TCP yenyewe iwe na subira zaidi. RFC 2883 ya mwaka 2000 ilimwezesha mpokeaji kumweleza mtumaji kuwa amepata pakiti ileile mara mbili, na hivyo mtumaji hujua kuwa aliirudia bure. RFC 8985 ya Februari 2021, inayoeleza RACK, inakwenda mbali zaidi: badala ya kutegemea tu idadi ya pakiti zilizopita, mtumaji hupima muda. Akishaona dalili za kuvurugika kwa mpangilio, huiongezea pakiti iliyochelewa muda wa subira unaoanzia robo ya muda mfupi zaidi wa safari ya kwenda na kurudi. Subira hiyo hupanuliwa kila inapothibitika kuwa pakiti ilirudiwa bure, ila haivuki wastani wa muda wa safari.

Nafuu hii haigawanyiki sawasawa. Katika njia ya kimabara yenye safari ya milisekunde 160, subira ya awali ni milisekunde 40, na ucheleweshaji wa maikrosekunde 72 hauwi na athari yoyote. Ndani ya kituo cha data chenye safari ya maikrosekunde 100, subira hiyo ni maikrosekunde 25 tu. Pakiti ya 2 itahesabiwa kuwa imepotea mpaka subira ipanuliwe mara mbili na kufikia maikrosekunde 75. Isitoshe, iwapo marejesho 16 yatapita bila ushahidi mpya, subira hurudi robo. Hivyo basi, mahali penye njia nyingi zaidi za sambamba ndipo pia penye subira ndogo zaidi.

7.0 Hitimisho

Makala yameonesha kuwa gharama ya mpangilio wa pakiti haiondoki, huhamishwa tu. Mgawanyo kwa pakiti huihamishia kwenye ncha, na mgawanyo kwa mitiririko huirudisha mtandaoni kwa sura ya viungo vilivyokaa bure. Kutokana na hilo, mbinu ya usawazishaji haipaswi kutathminiwa kwa usawa wa viungo peke yake. Tathmini inayojitosheleza hupima pamoja matumizi ya viungo, idadi ya pakiti zilizopitwa na tatu au zaidi, na idadi ya pakiti zilizorudiwa bure, kwa kuzingatia urefu wa safari ya mtandao unaohusika.