Mvua Inakuja: Aliye Peke Yake Atengeneze Nyumba Namna Gani?

Mwezi huu tunaongea juu ya nyumba.

Hapa Nakivale mvua zinanyesha mara mbili kwa mwaka: kuanzia Machi mpaka Mei, halafu kuanzia Septemba mpaka karibu na Desemba. Zikianza tu, sisi walimu wa kujitolea tunajua kitakachofuata. Tunaita majina darasani, mtoto hayupo. Tunauliza wenzake, wanasema: "Mwalimu, ukuta wao umeanguka." Mara nyingi ni nyumba ya mama anayelea watoto peke yake, au mzee mjane, au kijana aliyebaki na wadogo zake tu.

Mtu wa namna hiyo ana shida mbili kwa pamoja. Nyumba inaharibika na hana wa kumshikia ngazi. Halafu jirani naye anakuja kugomba, eti maji yako yanaingia kwangu. Tuzitazame zote mbili.

Adui wa kwanza ni maji

Nyumba zetu nyingi ni za udongo, iwe matofali mabichi au miti iliyokandikwa. Udongo mkavu ni mgumu kama jiwe, lakini ukilowa unarudi kuwa matope. Ukuta unaliwa chini, polepole, kwa matone yanayoruka kutoka kwenye paa. Kwa hiyo kabla ya mvua fanya hivi:

1. Chimba mfereji kuzunguka nyumba, hatua moja hivi kutoka ukutani, wenye mteremko ili maji yasisimame.
2. Usichimbe udongo wa kukandika karibu na ukuta. Shimo hilo litakuwa kisima na litaangusha nyumba yako mwenyewe.
3. Kandika upya sehemu ya chini kwa udongo uliochanganywa na nyasi zilizokatwakatwa na mavi ya ng'ombe.
4. Kama paa ni turubai, usipige msumari mtupu. Weka kwanza kipande cha kandambili kuukuu au kifuniko cha soda, ndipo upige. Bila hivyo upepo utalipasua pale pale kwenye tundu.
5. Ufa mwembamba ukwaruze, uloweshe kidogo, kisha ujaze udongo na kuushindilia. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Lakini ukiona ufa unaoingiza kidole, au ukuta umeinama, usijaribu kukandika. Toa watoto usiku huo huo, walale kwa jirani. Ukuta uliolowa unaweza kuanguka hata mvua ikishakatika. Asubuhi waite watu wauegemeze miti kutoka nje, na umjulishe kiongozi wa kijiji.

Kupatana na fundi

Wamama wengi wanaogopa fundi kuliko mvua. Anachukua pesa yote, anafanya nusu, harudi. Basi patana naye mchana, mbele ya mtu mzima mmoja unayemwamini. Vifaa nunua mwenyewe. Toa pesa kidogo ya kuanzia, na nyingine akimaliza. Mapatano yaandikwe kwenye daftari: tarehe, kazi, bei, majina. Kama hujui kuandika, mtoto wako wa darasa la tano anajua. Ndiyo kazi ya shule hiyo.

Tuseme na jambo linalosemwa kwa kunong'ona. Kuna fundi au kiongozi anayetaka kulipwa kwa mwili. Hilo si deni lako, mama. Msaada wa shirika haulipiwi, si kwa pesa wala kwa mwili. Anayedai hivyo ana kosa, na ni haki yako kumshitaki. Nenda na mwanamke mwenzako, usiende peke yako.

Tena usilipe kwa kiwanja. Wengine wanasema: "Nitakujengea, unikatie kipande cha shamba." Kanuni za Wakimbizi za Uganda za mwaka 2010 zinatupa haki ya kutumia ardhi tuliyogawiwa, lakini haturuhusiwi kuiuza wala kuikodisha. Ukikata kipande leo, kesho utakosa pa kulima, na huyo jirani mpya atakusogezea mpaka.

Jirani

Nakivale inapokea wakimbizi tangu mwisho wa miaka ya 1950. Mkongomani anapakana na Mrundi, Mnyarwanda anapakana na Msomali. Wakati mwingine hata lugha hatuelewani. Ndiyo maana jambo dogo la maji linakuwa vita.

Tunamjua mama mmoja mshonaji aliyechimba mfereji wake vizuri kabisa, kumbe maji yakaenda moja kwa moja jikoni kwa jirani. Jirani akaufukia usiku. Mama akachimba tena. Jirani akafukia tena. Mwisho bibi mmoja wa mtaa akawaambia wasimame wote wawili wakati mvua inanyesha, watazame maji yenyewe yanataka kupita wapi. Waliona: katikati ya nyumba zao, kuelekea barabarani. Jirani akachimba mfereji wote, mama akamshonea watoto wake sare za shule. Hakuna aliyemwomba mwenzake sadaka, walibadilishana kazi.

Basi ukiwa na neno na jirani, nenda wakati wa jua, kabla ya mvua. Msalimie kwanza, uulize habari za watoto. Usianze na "wewe unaniharibia". Mwonyeshe mahali penyewe. Kama lugha ni ngumu, tafuta mtu wa kutafsiri ambaye si ndugu wa upande wowote. Mkishindwa, anzeni kwa kamati ya wakimbizi ya kijiji, RWC I. Ikishindikana, RWC II, kisha RWC III. Msirushiane mawe, na msiwatume watoto kutukana. Hao watoto kesho wanakaa kwenye benchi moja darasani, na sisi ndio tunawaamua.

Na ninyi wenye nguvu, vijana na wababa, msingoje mama mjane aje kupiga magoti. Mkiwa mnachimba mfereji wenu, ongezeni hatua kumi mpaka kwake. Maji yakisimama kwake, ukuta wenu nao utalowa.

Jumamosi hii zunguka nyumba yako, tazama chini ya ukuta. Palipoliwa pakandike kabla wingu halijafunga, halafu Jumatatu mlete mtoto shuleni.