Mlowezi Asiyeandikwa Katika Ramani

Katika nchi hii ya Meru neno "mlowezi" likitajwa, watu wengi humfikiri Mzungu mwenye gari la kukokotwa na maksai, mke wake ameketi juu ya masanduku, na watoto wafuata nyuma kwa miguu. Watu wa namna hiyo walikuwako kweli. Tangu mwaka 1904 na 1905 Makaburu walifika kutoka Afrika ya Kusini, baada ya vita vyao na Waingereza, na Serikali ya Wadachi ikawapa nchi kandokando ya mlima. Nyuma yao walifuata Wadachi waliozaliwa Urusi, wakakaa huku chini upande wa Usa na Leganga, si mbali na Makumira. Mwaka 1907 akaja Bibi Margarete Trappe pamoja na mumewe, ambao shamba lao la Momella lilijulikana mbali sana. Maisha yao hayakuwa mepesi. Wengi walishindwa na homa, na vifo vya ng'ombe, na ukosefu wa soko, wakaondoka. Hatuwadharau.

Walakini leo twataka kumsimulia mlowezi mwingine, ambaye jina lake halikuandikwa katika ramani yo yote. Huyu ni Mmeru mwenyewe.

Wazee husimulia ya kuwa baba zao walikuja mlimani zamani sana, zaidi ya miaka mia tatu iliyopita, wakiukuta msitu mtupu upande wa kusini na mashariki. Kila ukoo ulifungua mahali pake: Kaaya, ambao ndio ukoo wa Mangi, na Mbise, na Nanyaro, na Pallangyo, na Nnko, na wengineo. Shamba la nyumbani huitwa kihamba, nacho hakipatikani kwa siku moja. Kijana akitaka kuoa alipanda juu kuliko baba yake, akafyeka msitu. Akapewa machipukizi ya migomba ya nyumbani kwao, akayapanda, na chini yake akatia magimbi na maharagwe. Maji yaliletwa kwa mfereji uliochimbwa na watu wa nyumba nyingi pamoja, na kila nyumba ilikuwa na zamu yake ya kunywesha shamba. Ole wake aibaye zamu ya mwenziwe!

Na mkewe je? Hapa ndipo wasifu wa walowezi husahau mara nyingi. Ng'ombe wa mlimani hawaendi malishoni; hufungwa nyumbani, na chakula chao huletwa. Basi mwanamke alishuka mpaka nyikani kukata majani, akapanda tena na mzigo mkubwa, naye pengine ana mtoto mchanga. Samadi ya ng'ombe hao ndiyo iliyonenepesha migomba. Kama majani hayakupanda mlimani hapakuwa na samadi, na migomba ilizaa vibaya. Kwa hiyo twaweza kusema bila kukosea ya kuwa kihamba kilijengwa kwa shoka la mume mwaka wa kwanza, na kwa mizigo ya mke miaka yote iliyofuata.

Kisha mambo yaligeuka. Mwaka 1896 wamisionari wawili, Ovir na Segebrock, waliuawa Akeri, na Wadachi wakaja kulipiza kisasi. Katika vita vya miaka ile ng'ombe wengi walitekwa na migomba ikateketezwa. Nchi ya chini ikaonekana kama haina wenyewe, hata wageni walipogawiwa mashamba, huku chini yote yakawa yao. Upande wa juu nako msitu ukapigwa mipaka ya Serikali, mtu asifyeke tena. Msomaji na afikiri: baba ana watoto wa kiume wanne, kihamba ni kile kile kimoja, juu msitu umekatazwa, chini kuna kahawa ya Mzungu. Kijana wa tatu na wa nne watakwenda wapi?

Walikwenda kaskazini, wakaupita mlima, mpaka Engare Nanyuki. Huko ni nchi nyingine kabisa. Mlima huzuia mvua, migomba haistawi kama nyumbani, na upepo huchukua vumbi. Mto wenyewe huitwa kwa Kimasai "maji mekundu". Maji hayo yana floridi nyingi itokayo katika mawe ya volkano, na mtu aliyeyanywa tangu utoto meno yake huwa ya hudhurungi. Mtu wa Engare Nanyuki akicheka sokoni, watu hujua kwao bila kumwuliza. Walakini nchi ina majani mengi mafupi yafaayo ng'ombe, na mahindi na maharagwe huota mvua isipokosa.

Sehemu ya nchi ile ilikwisha kuandikwa kuwa mashamba ya wageni, yaani shamba namba 31 na namba 328. Basi Wameru waliyanunua tena, wakilipa fedha kwa ajili ya nchi waliyoihesabu kuwa ya baba zao. Pengine hili ndilo jambo la kustaajabisha kupita yote. Wakajenga nyumba, wakachimba mifereji, wakajenga kanisa na shule. Nyumba nyingi zilikuwa na miguu miwili: wazee na migomba mlimani, vijana na ng'ombe Engare Nanyuki. Ndizi zilishuka, maziwa na mahindi yakapanda. Hivyo jamaa moja iliweza kuishi.

Baada ya Vita Kuu ya pili Serikali ya Waingereza ilimweka Jaji Mark Wilson achunguze mambo ya ardhi ya Arusha na Moshi. Shauri lake lilikuwa kwamba nchi ile ya kati, kati ya Meru na Kilimanjaro, iwe ya Wazungu mfululizo, wafuge ng'ombe wa maziwa na wa nyama. Nao Wameru wahamishiwe Kingori. Wameru walikataa. Walisema ya kuwa Kingori ni kwenye joto na maji ni haba, tena nchi haibadilishwi kama shuka dukani.

Tarehe 17 Novemba 1951 kuhamisha kulianza kwa nguvu. Askari walikuja, nyumba zikachomwa moto, mifugo ikaswagwa. Kanisa na shule havikusazwa. Watu wapata 3,000 waliondolewa katika majuma machache. Wengi wao hawakukubali kwenda Kingori wala kupokea fedha za fidia. Walirudi mlimani kwa ndugu zao, wakalala wengi wengi katika nyumba zilizokuwa zimejaa tangu mwanzo. Twaomba msomaji asipite upesi hapa. Mtu aliyelima miaka ishirini hana pa kuuweka mzigo wake akiambiwa aondoke. Jembe lachukulika, mfereji hauchukuliki.

Wameru walichanga fedha, wakamtuma Kirilo Japhet. Mwaka 1952 alisafiri mpaka New York pamoja na mwanasheria Earle Seaton, mzaliwa wa Bermuda aliyefanya kazi Moshi, akasimama mbele ya Umoja wa Mataifa akaeleza habari za nyumba zilizochomwa. Mataifa mengi yalimsikiliza kwa huruma, lakini kura katika Mkutano Mkuu haikutimiza theluthi mbili. Akarudi bila nchi. Hata hivyo habari ilikwisha kuenea Tanganyika nzima, na watu wa mbali wasiopata kuuona mlima wa Meru wakalijua jina la Engare Nanyuki.

Mashamba ya ng'ombe yaliyokusudiwa hayakustawi kama ilivyotazamiwa. Wameru nao wakarudi. Nyasi zilikuwa zimeota juu ya misingi ya nyumba, na mifereji imejaa udongo. Wakaizibua, kila nyumba kwa zamu yake. Siku hizi watu wa huko hulima nyanya na vitunguu, magari huvichukua mpaka masoko ya mbali, na watoto wa Engare Nanyuki wangali na meno ya hudhurungi.