Jino bovu: Ling'olewe au litibiwe mzizi?

Leo tuzungumzie swali ambalo sisi matabibu wa zahanati na vituo vya afya tunaulizwa mara kwa mara: jino likishatoboka na kumkosesha mtu usingizi, ling'olewe, au kuna haja ya kuhangaika na matibabu ya mzizi?

Wengi wetu tunaijua njia moja tu. Jino linauma, mtu anakwenda hospitali ya wilaya, anachomwa sindano ya ganzi, jino linatoka, anarudi nyumbani ameuma pamba. Njia hiyo si mbaya, na wakati mwingine ndiyo pekee inayofaa. Lakini wapo vijana wa miaka 25 wasio na magego ya upande mzima, na ukiwauliza watakwambia hakuna aliyewaeleza kuwa jino lingeweza kubaki. Maumivu peke yake hayatoshi kuwa sababu ya kung'oa. La kuangaliwa ni kiasi gani cha jino kimesalia, na je, mgonjwa ataweza kuyamaliza matibabu akishayaanza?

Kinachouma ni nini?

Jino kwa nje lina gamba gumu kuliko mfupa wowote wa mwili. Chini ya gamba kuna tabaka laini kidogo, na katikati kuna kiini chenye mishipa ya damu na ya fahamu. Kiini hicho hushuka ndani ya mzizi kwa njia nyembamba mpaka kwenye ncha, ndani ya taya. Jino la mbele la juu kwa kawaida lina mzizi mmoja na njia moja. Gego la chini mara nyingi lina mizizi miwili na njia tatu, na la juu lina mizizi mitatu, njia tatu au nne. Ndiyo maana kutibu gego huchukua muda mrefu zaidi na gharama yake ni kubwa zaidi.

Bakteria wa kinywani wakipata sukari hutengeneza asidi, na asidi ndiyo inayotoboa gamba. (Wale "wadudu wa meno" wanaoonyeshwa na wauza dawa wa mitaani baada ya kumfukizia mgonjwa moshi hawakutoka katika jino lake.) Tundu likizibwa likiwa dogo, habari inaishia hapo. Likifika kwenye kiini, kiini huvimba, na kwa kuwa kimefungiwa ndani ya kuta ngumu hakina pa kutanukia. Hapo ndipo mtu akinywa maji ya baridi au chai ya moto maumivu hubaki muda mrefu hata baada ya kumeza, na akilala usiku huzidi.

Baada ya siku au wiki kadhaa kiini hufa, na maumivu hukoma ghafla. Mtu husema, "Alhamdulillah, limepoa lenyewe." Kumbe uchafu unateremka taratibu hadi kwenye ncha ya mzizi. Baada ya muda hutokea kipele kwenye ufizi kinachotoa usaha, kinapona na kurudi. Jino la namna hiyo ni gonjwa hata kama haliumi.

Matibabu ya mzizi maana yake ni kukiondoa hicho kiini na kuliacha jino mahali pake. Mgonjwa hupigwa ganzi, jino hutobolewa kwa juu, kisha njia za mizizi husafishwa kwa vijisindano vyembamba na dawa ya kuua bakteria. Eksirei hupigwa ili kupima urefu wa mzizi. Njia zikishakauka hujazwa utomvu wa mti unaofanana na mpira, na jino huzibwa. Wapo wanaomaliza kwa siku moja, na wapo wanaohitajika kurudi mara mbili au tatu. Ikiwa ni gego, mara nyingi daktari atashauri livishwe kofia, kwani jino lililotobolewa sana hupasuka kirahisi likitafuna.

Lipi la kutibu, lipi la kung'oa

Jambo hili wanazuoni wetu wa tiba walilizungumza zamani sana. Abul-Qasim al-Zahrawi, mpasuaji mashuhuri wa Andalusia aliyefariki mwanzoni mwa karne ya 11, alieleza katika kitabu chake cha al-Tasrif kwamba jino litibiwe kwa kila njia kabla ya kufikiriwa kung'olewa, na akaonya juu ya mgonjwa anayeelekeza jino zima kwa kudanganywa na maumivu, likang'olewa, na maumivu yakabaki palepale. Tatizo hilo lipo mpaka leo. Maumivu ya kiini yanaweza kusikika katika jino la jirani, au katika taya la juu wakati ubovu uko chini. Kwa hiyo usiende ukashinikiza, "Daktari, ni hili hili, toa." Mwache agonge, apime kwa baridi, na ikiwezekana apige picha.

Jino linastahili kutibiwa mzizi ikiwa kuta zake zimebaki za kutosha kushika kizibo, halijapasuka kushuka kwenye mzizi, na halichezi kwa sababu ya ugonjwa wa fizi. Meno ya mbele na magego mawili ya kwanza yapewe kipaumbele, kwani hayo ndiyo yanayobeba uso na kutafuna.

Jino lililobaki vigutu tu chini ya ufizi, au lililopasuka katikati hadi mzizini, au linalotikisika kama msumari kwenye ukuta wa udongo, bora ling'olewe. Gego la mwisho kabisa, lile la akili, nalo mara nyingi halihitaji kugharimiwa. Wala usiogope kuwa kupoteza jino moja la nyuma ni msiba. Mtu mzima mwenye meno 20 yanayokutana vizuri kwa kawaida hutafuna bila shida. Pengo la mahali pengine ni jambo jingine, kwani meno ya jirani huweza kuliegemea na jino linalolikabili likarefuka. Meno ya bandia na ya daraja yapo, lakini nayo yana gharama zake, na hesabu hiyo ifanywe kabla ya kung'oa.

Hapa niseme na wazazi. Mtoto akifikisha kama miaka sita huota gego nyuma ya magego yote ya utotoni. Kwa kuwa hakuna jino lililong'oka kulipisha, wazazi wengi hudhani nalo ni la utoto, likitoboka husema, "Litatoka, litaota jingine." Haliti jingine. Hilo ndilo gego lake la maisha, na mara nyingi ndilo la kwanza kuoza, maana huota wakati mtoto bado hajui kupiga mswaki mpaka nyuma. Mtoto wa miaka tisa au kumi akililalamikia, muulize daktari wa meno kwa jina lake: je, hili ni gego la kudumu? Na je, linaokolewa?

Kuanza bila kumaliza

Katika jambo hili nina msimamo mkali kidogo. Mgonjwa asiye na uwezo wa kurudi hospitali mara ya pili na ya tatu, ama kwa nauli ama kwa malipo, ni afadhali alijue hilo kabla hajaanza. Wapo wanaotobolewa jino, maumivu yakaondoka siku ileile, wakawekewa kizibo cha muda na wasirudi. Kizibo cha muda ni cha siku au wiki chache tu. Kikivuja, bakteria huingia upya, na baada ya miezi jino linavunjika na kung'olewa vilevile, fedha ikiwa imekwenda. Kung'oa kulikokamilika ni bora kuliko kutibu kulikoachwa njiani. Basi uliza mambo matatu mapema: nitakuja mara ngapi, jumla ni kiasi gani pamoja na kizibo cha mwisho au kofia, na bima yangu inalipia lipi. Zahanati nyingi hazina huduma hii. Ulizia hospitali ya mkoa, ya rufaa, au kliniki za meno za mjini.

Wakati unajipanga, mafuta ya karafuu yanatuliza. Si imani tu. Dawa iliyomo ndani ya karafuu hiyo hiyo ya Pemba na Unguja hutumiwa na madaktari wa meno katika vizibo vya muda. Weka kidogo kwenye pamba, ndani ya tundu, usiimwagie fizi. Lakini usisage aspirini na kuiweka kwenye ufizi, huunguza.

Ama kuhusu kwenda duka la dawa kununua amoksilini kila jino linapoamka, hiyo ni kujidanganya. Dawa haifiki ndani ya jino lililokufa, kwa sababu mishipa ya damu ya kuipeleka nayo imekufa. Chanzo kisipoondolewa kwa kusafisha mzizi au kung'oa, ugonjwa hurudi, na bakteria wanaizoea dawa.

Zipo dalili zisizosubiri nauli wala harusi ya jamaa. Uvimbe ukishuka chini ya taya na shingoni, mdomo ukishindwa kufunguka, mate yakashindwa kumezwa, homa ikapanda au pumzi ikabana, mpeleke mgonjwa hospitali kubwa usiku huo huo. Uvimbe huo unaweza kuziba njia ya hewa, na watu hufa kwa jino.

Mweleze pia daktari kama una kisukari, presha, ugonjwa wa moyo, sikoseli, au unatumia dawa za kuyeyusha damu (usiziache mwenyewe), au ni mjamzito. Aliyepigwa mionzi ya saratani ya kichwa au shingo asing'olewe jino kabla ya kusema hivyo, kwani mfupa wa taya lake huenda usipone. Kwake matibabu ya mzizi ndiyo salama zaidi. Madai kwamba kung'oa jino la juu hupofusha macho hayana msingi. Na ile habari inayozunguka kwenye simu kuwa jino lililotibiwa mzizi huleta saratani imejengwa juu ya nadharia za mwanzoni mwa karne ya 20 ambazo utafiti haukuziunga mkono.

Udhu, josho na funga

Wengine huogopa kuziba jino wakidhani josho halitasihi. Katika madhhab ya Imam Shafi, ambayo wengi wetu katika mwambao tunaifuata, kusukutua ni sunna katika udhu na katika josho, hivyo swali halipo. Hata kwa wanaoona kusukutua ni wajibu katika josho, wanazuoni wengi wamelihesabu jino lililozibwa kwa tiba kuwa sawa na jino lenyewe. Kuhusu funga, Jopo la Kimataifa la Fiqhi la Kiislamu, katika kikao chake cha Jeddah mwaka 1997, liliamua kuwa kutoboa jino, kuling'oa na sindano isiyo ya lishe havifunguzi, maadamu mtu anajizuia kumeza kinachofika kooni. Mwenye shaka aende baada ya futari, lakini asivumilie jipu mwezi mzima.

Kwa aliyeng'olewa, uma pamba kwa nusu saa hivi bila kuibadilisha badilisha. Katika tundu hutengenezwa donge la damu, na donge hilo ndilo linalofunika mfupa. Kwa saa 24 za mwanzo usisukutue kwa nguvu, hata katika udhu. Acha kusukutua, au tia maji kinywani taratibu na uyaache yadondoke yenyewe. Usiteme kwa kishindo na usivute sigara. Donge likitoka, siku ya pili au ya tatu huanza maumivu makali yanayopanda mpaka sikioni, na hapo inabidi urudi kwa daktari lisafishwe na kuwekewa dawa. Kuanzia siku ya pili sukutua polepole kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi, hasa baada ya kula, na mswaki uendelee kwenye meno mengine kama kawaida.