Mvura Nkuvure: Huduma ya Majirani Wanaoponyana Majeraha ya Nafsi nchini Rwanda

Katika lugha ya Kinyarwanda liko neno ihahamuka. Hutumika kwa hali ya mtu anayeshikwa na hofu ya ghafla, akakosa pumzi, akapiga mayowe au kutimua mbio kana kwamba wauaji wa mwaka 1994 wangali njiani. Kila ifikapo tarehe 7 Aprili, maombolezo ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yanapoanza, wahudumu wa afya hukaa tayari kwenye viwanja vya kumbukumbu kuwapokea watu wa namna hiyo. Huduma hiyo ni ya lazima, lakini Aprili hupita. Ni nani atakayekaa na watu hao miezi mingine kumi na mmoja, hasa pale ambapo jirani wa nyumba ya pili ndiye aliyefungwa kwa kosa la kuwaua ndugu zao?

Jibu mojawapo lilianza mwaka 2005 mjini Byumba, kaskazini mwa nchi, chini ya Dayosisi ya Anglikana na kwa msaada wa wataalamu kutoka Uholanzi. Kitaalamu huitwa sosiotherapia, yaani tiba ya kijamii. Wananchi huiita mvura nkuvure, maana yake niponye nami nikuponye. Mwaka 2008 ilifika Nyamata, wilayani Bugesera, ambako hata waliokimbilia kanisani waliuawa humo humo.

Ilianza wakati ilipohitajika zaidi. Maelfu ya wafungwa walikuwa wameachiwa kurudi vijijini, na mahakama za gacaca zilikuwa zikienea nchi nzima. Hadi zilipofungwa mwaka 2012 zilikuwa zimesikiliza mashauri karibu milioni 2. Gacaca iliuliza nani alifanya nini, na miili ilitupwa wapi. Haikuwa kazi yake kuuliza mjane atapitaje kisimani asubuhi ya pili, wala mke wa mfungwa atawaambia nini wanawe.

Kikundi huwa na watu kumi hadi kumi na watano wanaoishi karibu. Hukutana mara moja kwa wiki, takriban saa tatu, kwa wiki 15, darasani, kanisani au kivulini. Huongozwa na wawezeshaji wawili wa mahali hapo hapo waliopata mafunzo. Si madaktari, na dawa haitolewi. Humo huketi manusura, waliomaliza vifungo, wake za wafungwa, na hata vijana waliozaliwa baada ya 1994 lakini wakalelewa katika ukimya wa wazazi wao.

Mtu wa nje angedhani kazi ya kwanza ni kusimulia yaliyotokea. Sivyo. Huanzwa na usalama: wanakikundi hutunga kanuni zao wenyewe, wakakubaliana kwamba yasemwayo hapo hayatoki nje. Hufuata kuaminiana, kisha kujaliana, kuheshimiana, na mwelekeo mpya wa maisha. Kumbukumbu huja mwisho kabisa. Mpangilio huu ndio moyo wa huduma yenyewe, kwani aliyeteswa na watu aliowafahamu hakupoteza ndugu tu, alipoteza pia uwezo wa kumwamini binadamu mwenzake. Akihimizwa kufunua jeraha kabla ya kuwa na mtu wa kumshika mkono, huumia mara ya pili. Wapo wanaofika hatua ya mwisho wakachagua kusema machache, na kikundi hupokea. Msamaha nao haushurutishwi. Ukija, huja kwa wakati wake.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 uliwalinganisha washiriki 100 wa Byumba na watu 78 wasioshiriki. Afya ya akili ya washiriki iliimarika kuliko ya wenzao, na nafuu hiyo ilikuwa ingalipo miezi minane baadaye.

Hata hivyo, yapo mambo ambayo kikundi hakiwezi. Hakilipi fidia za mali zilizoporwa, na mtu anayesumbuliwa na ugonjwa mkali wa akili bado anahitaji kituo cha afya. Ukarimu wa jirani haupaswi kuwa kisingizio cha kuliacha zahanati bila mhudumu.

Wiki 15 zikiisha, vikundi vingi havivunjiki. Hugeuka kuwa vya kuweka akiba, kulimiana mashamba na kuuguzana. Mbinu hiyo hiyo imetumika pia kwa wakimbizi wa Kongo walioko Rwanda na Uganda, kwa hatua zile zile sita. Huko nako kikao cha kwanza si cha masimulizi ya vita. Wanakikundi hujadiliana kwanza ni nini kitakachomfanya kila mmoja wao ajisikie salama kuketi hapo.